Mimea Isiyohitaji Kubembelezwa

Karagwe na Kyerwa, mtu husifiwa kwa kibanja chake: migomba iliyopunguzwa machipukizi, mibuni iliyokaa kivulini, nyasi za kutandaza zilizobebwa kichwani kutoka rweya, yaani mbuga ya nyasi. Nani basi atamsifu anayeotesha kitu kinachoota chenyewe kwenye ufa wa baraza? Mimi namsifu, tena kuliko mwenye mawaridi. Waridi likimshinda mtu hufa na habari yake huishia hapo. Kalankoe ikimshinda, inahamia kwa jirani.

Nazungumzia zile kalankoe za majani manene zilizotoka Madagaska zikaizunguka dunia kwa makopo ya maua. Kwa wengi wetu zote ni "maua" tu. Mwenye jicho hangoji zichanue. Anatazama watoto wake, yaani miche midogo, wanatokea wapi. Jani likiwa jembamba la mviringo kama kijiti, la kijivu lenye madoa, na watoto wamejikusanya nchani peke yake, hiyo ni Kalanchoe delagoensis. Jani likiwa pana, refu, limechongoka, watoto wamejipanga ukingoni na upande wa chini una mabaka ya zambarau, ni daigremontiana. Pinnata hujulikana kwa majani ya juu yaliyogawanyika vijani vitatu au vitano, nayo kwa kawaida haizai mpaka jani lidondoke au ling'olewe. Hii ndiyo iliyomteka Goethe, mshairi wa Ujerumani, akawa anawapelekea rafiki zake majani yake. Halafu kuna chotara wa hizo mbili za kwanza, na hapo hata fundi hukuna kichwa.

Chuma jani la daigremontiana uliinamie vizuri. Katika kila pengo la ukingo umekaa mmea mzima, mdogo kama punje ya ulezi, una vijani viwili vinavyotazamana, na chini yake mizizi myeupe, myembamba kuliko unywele, inaning'inia hewani. Haujaonja udongo bado, lakini umeshajiandaa. Pitisha ukucha, unadondoka. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba jani hili limeazima vinasaba ambavyo kwa mimea mingine hufanya kazi ya kuunda kiinitete ndani ya mbegu. Yaani jani linafanya kazi ya mbegu, na halisubiri nyuki.

Kuikuza, basi, si kazi ya kuihimiza. Kinachoiua mara nyingi ni huruma: samadi nyingi, maji kila jioni, kisha shina linalainika na kuoza kuanzia chini. Vitundu vya majani yake hufunguka usiku na kufungwa mchana, kwa hiyo haipotezi maji mengi juani, na kiangazi cha Juni hadi Agosti hakiitishi. Ipe kopo lililotobolewa, vipande vya tofali chini, mchanga mwingi kuliko udongo, na maji pale tu udongo ukishakauka kabisa. Shina likirefuka na kulegea, inadai jua. Zaidi ya hapo mwache mtu akapalilie maharage yake.

Ustadi wenyewe uko kwenye kuizuia. Kalankoe hizi zina sumu inayoshambulia moyo, na maua ndiyo makali zaidi. Mwaka 1997, karibu na Moree nchini Australia, ng'ombe 125 walikufa baada ya kula delagoensis kwenye njia ya kupitishia mifugo. Sisi tuna ng'ombe wa pembe ndefu kwenye rweya, tuna mbuzi wanaofungwa kando ya njia, na tangu 2019 tuna Hifadhi za Taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Kenya wameshaona mpungate ulivyovamia malisho ya Laikipia. Mnyaa nao huota kwa kipande cha tawi, na utomvu wake unaweza kupofusha, lakini angalau husimama pale ulipopandwa ukawa ua. Kalankoe haijui mpaka.

Kwa hiyo namheshimu yule mama ambaye makopo yake yako juu ya saruji, mbali na ukingo wa shamba, na ambaye kila akifagia baraza huwaokota watoto waliodondoka kabla hawajashika. Hatupi mabaki kwenye matandazo ya migomba, maana kipande cha jani kilichotupwa leo ni kichaka cha mwakani; huyafungia kwenye mfuko mweusi juani hadi yaoze, au huyachoma. Na mgeni akisema, "Mama, nigawie kajani kamoja," hamnyimi. Humuuliza kwanza mbuzi wake huwafunga wapi.