Jembe la Siku ya Tatu: Uhakiki wa Methali ya Mgeni

Methali "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" yajulikana kwa kila msemaji wa Kiswahili, na huenda kwa sababu hiyo maana yake haichunguzwi sana. Aghalabu hutajwa ili kumkemea mvivu. Lakini maneno yenyewe hayamwagizi mgeni jambo lo lote. Kitenzi "mpe" chamwelekea mwenyeji. Asemaye "mgeni na alime" na asemaye "mpe jembe" hawakusema jambo moja: wa kwanza adai kazi, wa pili atoa kwanza chombo cha kufanyia kazi. Tofauti hii ndogo ya sarufi ndiyo iamuayo kama methali ni fundisho la ukarimu au ni udhuru wa ubahili.

Tafsiri mbili zashindana. Huko Pwani liko shairi la kale lihesabulo siku za mgeni. Siku ya kwanza hukirimiwa wali na samaki, kisha heshima hupungua siku hata siku. Jembe laja siku ya nne, wala si ya tatu, na mgeni akirudi shambani huagwa. Asiposikia, siku ya kumi hufukuzwa kwa kipigo. Hapa jembe ni mlango wa kutokea. Mwalimu Julius Nyerere, katika kijitabu chake cha Ujamaa cha Aprili 1962, alilisoma kinyume. Kwake yeye, mgeni wa zamani aliweza kuliomba jembe kabla hajapewa, kwa kuwa aliona haya kukaa bure. Kwa tafsiri hiyo jembe ni mlango wa kuingilia. Shairi lina sifa moja ambayo kijitabu hakina, nayo ni kutoficha uchovu wa mwenyeji. Hata hivyo, halikueleza jembe lenyewe lina thamani gani.

Katika jambo hilo ushahidi wa bara una uzito. Katika nchi ya Uzinza, ambayo sehemu yake ni Geita ya leo, mafundi wa Kirongo waliyeyusha chuma na kufua majembe yaliyouzwa Usukuma na Unyamwezi katika karne ya 19, nayo yalitumika hata katika mahari. Mahali ambapo jembe ni mali ya kuolea, kumpa mgeni jembe si kumtupia kazi tu. Ni kumwekea mkononi sehemu ya akiba ya nyumba. Wala ushirika wa Kisukuma haukuwa wa bure. Vijana wa kijiji, chini ya kiongozi wao nsumba ntale, walilima kwa pamoja mashamba ya watu, nao wakapewa chakula au mifugo. Msaada na malipo havikuwa maadui.

Kosa basi haliko katika methali, bali katika mazoea ya kuitaja peke yake. Katika kijitabu kile kile Nyerere alishikilia kwamba ardhi ilikuwa ya jamii, na kila mtu alikuwa na haki ya kuitumia. Hoja hizo mbili hazitengani, maana jembe lisilo na ardhi ni chuma na mpini tu. Bugarama, katika Msalala mkoani Shinyanga, yalithibitisha hilo. Watu wengi walifika sehemu hizo kuifuata dhahabu. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa Bulyanhulu, na mwaka 2001 mgodi mkubwa ukafunguliwa. Kumwambia aliyeondolewa kwamba asiyefanya kazi asile ni kumsomea nusu ya methali. Katika maduara ya wachimbaji wadogo wa ukanda huu, nusu ya pili bado yaonekana: mwenye duara aghalabu huwalisha wachimbaji kabla jiwe la dhahabu halijapatikana, kisha mawe hugawanywa. Huyo ametoa jembe.

Tena, mgodi mkubwa umeipindua methali yote. Sasa mgeni ndiye aliyekuja na jembe, na mwenyeji ndiye angojaye kugawiwa. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yamtaka mwenye leseni aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, uafikiwe na halmashauri. Sheria haikuuita mpango huo sadaka, bali wajibu. Na katika uteuzi huo wa neno iko karibu zaidi na "mpe" ya wahenga kuliko wengi wanaoitaja methali.

Liko swali moja ambalo methali hailijibu. Mkongwe, mtoto yatima na mtu aliyeharibika mapafu kwa vumbi la mawe hawana mkono wa kushika mpini. Kwao siku ya tatu haiji, na mwenyeji angali katika siku ya kwanza. Kwa hiyo methali ya jembe yapasa isomwe pamoja na mwenziwe, "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri". Ya kwanza yahusu wenye nguvu. Ya pili ni ya wote.