GDB Inayoijua Programu Yako kwa Ndani

Jamani, kama bado unachungulia data zako kwa `print *foleni->kichwa->ifuatayo->ifuatayo`, acha kwanza unisikilize! GDB, dibaga kongwe iliyoanza mwaka 1986, inakuruhusu kuitungia amri zako mwenyewe kwa Python. Uwezo huu umo tangu toleo la 7.0 la mwaka 2009, nami ndiyo kwanza ninauonja. Mtamu ajabu!

Nimeanza na foleni ya ujumbe katika programu ya C: nodi baada ya nodi, kila moja ikielekeza kwenye inayofuata. Unaandika darasa linalorithi `gdb.Command`, unaipa amri jina, kisha ndani ya `invoke` unaita `gdb.parse_and_eval` ikuletee nodi ya kwanza. Kuanzia hapo ni kufuata `nodi["ifuatayo"]` mpaka kielekezi kifike sifuri. Basi! Unapakia faili kwa `source`, unaandika `foleni`, na ujumbe wote unajipanga mbele yako: namba, mtumaji, hali. Nimeiita tena na tena bila sababu yoyote, kuitazama tu.

Lakini uhondo wenyewe uko kwenye faili la core. Wengi wetu huweka ndani ya programu fanksheni ya kuchapisha orodha, tukaiita kwa `call`. Sawa, ila programu ikishakufa nani ataitikia? Amri ya Python inayofuata vielekezi haiombi programu ifanye lolote. Inasoma kumbukumbu tu, kwa hiyo maiti hukaguliwa sawasawa na mzima. Kwa hili pekee ningeilipia, na ni bure!

Wakubwa walishaligundua zamani. CPython ina `py-bt`, inayoonyesha mfuatano wa miito ya Python badala ya msitu wa fremu za C. Msimbo wa kerneli ya Linux nao una `lx-ps` na `lx-dmesg`.

Kasoro? Zipo. Usipokompaili kwa `-g`, amri haitazijua sehemu za struct yako. Orodha iliyoharibika ikijizunguka yenyewe, amri nayo itazunguka bila kikomo. Weka ukomo wa nodi. Tena ukibadili jina la sehemu, skripti inavunjika, hivyo ihifadhi pamoja na msimbo wa programu.

Haya, chagua muundo mmoja wa data unaokutesa zaidi, uuandikie amri leo leo kabla hujalala.