Vigeu Vitatu Visivyo na Kinga

Wapo wanaolaumu haraka ya kazi, na wapo wanaoilaumu hata lugha ya Ada iliyotumika kuandikia programu, ilhali kilichoiangamiza roketi ya Ariane 5 tarehe 4 Juni 1996, kabla ya kutimia sekunde 40 tangu iondoke Kourou, Guyana ya Ufaransa, ni uamuzi wa kivivu wa kuichukua programu ya Ariane 4 kama ilivyo, kwa hoja kwamba ilikuwa haijawahi kusumbua.

Programu hiyo iliendesha mfumo wa kupima mwelekeo na mwendo wa roketi. Ndani yake vilikuwamo vigeu saba, yaani majina yanayobeba thamani zinazobadilika, ambavyo kuvihamisha kutoka namba za desimali za biti 64 hadi namba kamili za biti 16, zisizoweza kuvuka 32,767, kungeweza kuleta mfuriko. Vinne viliwekewa kinga. Vitatu viliachwa wazi, kwa sababu kompyuta ilipangiwa isitumie zaidi ya asilimia 80 ya uwezo wake. Kwa Ariane 4 uamuzi huo ulikuwa na utetezi, maana mwendo wa roketi ile haukuweza kuzifikisha thamani hizo kwenye ukomo, lakini utetezi wenyewe haukuandikwa ndani ya programu, na Ariane 5 ilijengwa ili ishike kasi kubwa zaidi ya ulalo mapema katika safari. Waliorithi programu walirithi pengo bila sababu yake, na data za njia ya roketi mpya hazikutiwa hata katika masharti ya mfumo huo. Safu hii haijachoka kusema kwamba programu isiyoeleza dhana zake haijakamilika, hata ikifaulu majaribio yote.

La kuudhi zaidi ni kwamba hesabu iliyofurika haikuwa na kazi yoyote angani. Ilihusu kuulinganisha mfumo kabla ya kuruka, na iliachwa iendelee kwa takriban sekunde 40 baadaye kwa ajili ya hitaji la Ariane 4, ambayo ilipositishwa dakika ya mwisho ilipaswa kurudia maandalizi upesi; Ariane 5 haikuwa na hitaji hilo. Kompyuta ya akiba, yenye programu ileile, ilikuwa imekwisha kuzimika. Iliyobaki ikatuma taarifa za hitilafu, zikasomwa kama data za safari, vinywa vya injini vikageuzwa kupita kiasi, roketi ikapinda na kuvunjika pamoja na setilaiti nne za Cluster.

Injini zenyewe zilifanya kazi vizuri, na tume ya uchunguzi wa ajali hiyo, iliyoongozwa na Jacques-Louis Lions, ilieleza yote kwa uwazi mnamo Julai.

Wala haraka si kisingizio: kikosi cha Margaret Hamilton na Hal Laning, kilichoandika programu ya kompyuta ya vyombo vya Apollo vya kwenda mwezini, kilibanwa zaidi na kalenda, tena kwa kompyuta yenye maneno 2,048 tu ya kumbukumbu inayofutika. Hata hivyo, tarehe 20 Julai 1969 kompyuta ya Apollo 11 ilipozidiwa na kutoa kengele ya 1202, iliacha kazi za daraja la chini ikaendelea kutua, kwa kuwa waandishi wake walitarajia kuzidiwa; wale wa Ariane walitarajia vifaa kuharibika tu, wakaagiza kompyuta ijizime.

Baada ya ajali ya Ariane 5, data halisi za safari yake ziliingizwa katika programu ileile ikiwa ardhini, na mfululizo wote wa hitilafu ukajirudia ulivyokuwa.