Kuipima Pikipiki ya Stroku Mbili Iliyofufuliwa

Pikipiki nyingi zinazopita leo kwenye barabara ya Muhutwe, Kamachumu hadi Muleba ni za stroku nne, zilizotoka India na China. Hata hivyo, kwenye baadhi ya nyumba za Ihangiro, eneo hilo la Muleba, pembeni mwa stoo ya buni au nyuma ya jiko, bado utaikuta Yamaha AG100, Suzuki A100 au TF125, au Yamaha DT175 iliyokuwa ikimpeleka bwana shamba au padri vijijini enzi zake. Wapo vijana na wazee wanaozitoa mashine hizi vumbini, wakazifungua uani kwa siku kadhaa na kuzirudisha barabarani. Kazi hiyo ni ya kuheshimiwa, na kwa sababu hiyohiyo inastahili kupimwa kwa haki.

Tatizo ni kwamba wengi huipima kwa rangi. Tanki likimeremeta, madigadi zikang'aa na siti ikiwa na ngozi mpya, mnunuzi hutoa pesa. Wazee walishaonya kuhusu uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Katika stroku mbili onyo hilo lina sababu ya kiufundi, na anayetaka kujua kazi njema ni ipi aanze na sababu hiyo.

Injini inayoishi kwa hewa

Injini ya stroku nne ina vali za kuingiza na kutoa hewa, na oili yake hukaa chini ikizunguka peke yake. Injini hizi za stroku mbili hazina vali za namna hiyo juu ya silinda. Kasha la krenki lenyewe ndilo pampu. Pistoni ikipanda, kasha hunyonya mchanganyiko wa hewa, petroli na oili. Ikishuka, huusukuma mchanganyiko huo kupitia matundu ya silinda hadi juu, unakowashwa. Kila mzunguko mmoja wa krenki huleta mlipuko mmoja. Ndiyo maana mashine ya sentimita za ujazo 97 kama AG100 huvuta kuliko unavyotarajia kwa umbo lake.

Kwa hiyo hewa ikivuja mahali popote kwenye kasha, kila kitu huharibika: mchanganyiko huwa mwepesi, joto hupanda, oili hupungua kwenye kuta za silinda na pistoni hukwama. Kuziba hewa ndicho kipimo cha kwanza cha ubora, na vingine vyote hufuata nyuma yake. Kwa Wahaya, wenyeji wa huku, elimu hii ya hewa na moto si ngeni. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa wahunzi wa Buhaya, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, waliyeyusha chuma kwa kupasha hewa moto kabla haijafika kwenye makaa. Ubora wa chuma chao ulitegemea namna walivyoitawala hewa, na ubora wa injini hii unategemea jambo hilohilo.

Anza na fremu na kadi

Kabla ya kugusa injini, linganisha namba ya fremu na namba ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi. Mashine nyingi za zamani zilikuwa mali ya serikali, mashirika au miradi, zikauzwa kwa mnada, na nyingine zimewekewa injini ya pikipiki nyingine. Kubadilisha injini si kosa, mradi kadi nayo imerekebishwa TRA. Namba iliyosagwa na kugongwa upya ni sababu tosha ya kuaga na kuondoka.

Kisha tazama fremu kwenye shingo ya usukani na pale shokapu za nyuma zinapofungwa. Bukoba hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na kutu ya ukanda wa ziwa hula vyuma kutokea ndani. Fundi mwema huchomelea ufa, akausafisha, halafu ndipo akapiga rangi. Fundi wa haraka hufunika kwa filla. Gonga fremu kwa ufunguo mdogo: chuma kizima hulia, filla hutoa sauti iliyokufa. Mulika ndani ya tanki kwa tochi. Tanki lililopakwa rangi nzuri nje huku ndani lina magamba ya kutu litaziba kabureta kabla mwezi haujaisha. Pitisha ukucha kwenye nguzo za foku pia, kwa sababu vishimo vya kutu hapo huchana sili na kumwaga oili kila unapopita kwenye makorongo.

Jaribio la presha

Hiki ndicho kipimo kinachomtenga fundi wa kweli na mpaka rangi. Tundu la kabureta na tundu la ekzosi huzibwa kwa mpira, kisha kasha hujazwa hewa kwa presha ndogo, pauni 6 kwa inchi ya mraba, isizidi hapo ili sili zisisukumwe nje. Injini iliyofungwa vizuri huishikilia presha hiyo kwa dakika kadhaa bila kushuka kwa kiasi cha maana. Vifaa havihitaji kutoka mbali. Kipimo cha zamani cha shinikizo la damu, kile chenye mpira wa kubinya kwa mkono, husoma hadi milimita 300 za zebaki, karibu kabisa na pauni 6. Presha ikishuka, paka maji ya sabuni kwenye maungio, nayo mapovu yatakuonyesha panapovuja.

Mara nyingi panapovuja ni kwenye sili mbili za krenki, na kila moja ina dalili zake. Sili ya upande wa magneto ikichoka, injini hunyonya hewa kavu: inapanda mlio yenyewe hata usipovuta mafuta, inachelewa kutulia, na siku moja inakwama. Sili ya upande wa klachi ikichoka, injini hunyonya oili ya giabox: moshi mweupe mzito hauishi hata injini ikipata moto, na oili ya gia hupungua bila tone kuonekana chini. Sili za mpira zilizokaa miaka mingi bila kazi hukakamaa hata kama pikipiki haijatembea. Kwa hiyo ukiambiwa kwamba injini imefunguliwa yote, uliza swali moja tu: sili za krenki ni mpya? Jibu likisitasita, mengine yote yaliyosemwa yana shaka.

Silinda na pistoni

Pistoni ya AG100 ina kipenyo cha milimita 52. Silinda ikilika huchongwa kwenye mashine na kuwekewa pistoni kubwa kidogo, kwa hatua za milimita 0.25, kwa kawaida hadi kufikia milimita 1. Fundi mwema huipata pistoni kwanza, akaipima, ndipo akachonga silinda kuifuata pistoni hiyo. Anayechonga kwanza na kutafuta pistoni baadaye anabahatisha. Nafasi kati ya pistoni na ukuta kwenye injini za ukubwa huu zinazopozwa kwa upepo ni takriban milimita 0.04. Ikiwa ndogo kuliko hapo, pistoni itakwama kwenye mlima wa kwanza. Ikiwa kubwa, itagonga kuta na kulia kama debe.

Sasa omba kuona matundu ya silinda, au mwambie fundi akueleze alivyoyamaliza. Baada ya kuchongwa, kingo za matundu hubaki kali. Fundi anayejua huzipunguza ukali kwa mkono, taratibu, ili ringi zisinaswe. Ni kazi ndogo isiyoonekana baada ya kufunga, na kwa hiyo inaeleza tabia ya aliyeifanya. Ringi nazo zina pini ndogo za kuzizuia zisizunguke. Ncha zake zikikosewa, hukatika ndani ya tundu. Mshale juu ya pistoni huelekea upande wa ekzosi. Vibanio vya pini ya pistoni havirudiwi kamwe, hata vikionekana vizima.

Uliza pia kuhusu beringi za krenki na ile ya mguu wa pistoni. Pistoni mpya juu ya krenki iliyolegea ni pesa iliyotupwa. Krenki iliyolegea husikika kama ngurumo ya chini unapovuta mafuta, na utaihisi kwenye vikanyagio kabla hata sikio halijaipata.

Kabureta, moto na moshi

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na uwanda wa Kamachumu uko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya kumi. Kabureta iliyopangwa pwani na kuletwa hivyo hivyo itamwaga petroli nyingi kupita kiasi: injini itakabwa, plagi itakuwa nyeusi na yenye masizi. Fundi aliyeishusha sindano ya kabureta hatua moja kwa sababu ya vilima hivi anaijua kazi yake.

Plagi ndiyo ushahidi wa mwisho. Panda mlima kwa nguvu, zima injini ukiwa bado unavuta, kisha ifungue. Rangi inayotakiwa ni ya buni iliyokaangwa kiasi. Nyeusi yenye unyevu ni mafuta au oili kupita kiasi. Nyeupe ni hatari: injini inakosa mafuta au inanyonya hewa mahali, nawe rudi kwenye jaribio la presha.

Ekzosi ya stroku mbili si bomba la kutolea moshi tu. Umbo lake hurudisha wimbi la presha kwenye silinda ili mchanganyiko ambao haujaungua usitoroke. Iliyojaa masizi huua nguvu. Iliyotobolewa ili ipige kelele huua nguvu vilevile. Kelele haithibitishi ubora.

Usiing'oe pampu ya oili

Yamaha ilianzisha mfumo wake wa Autolube mwaka 1964, nayo Suzuki ina wake uitwao CCI. Pampu ndogo hupeleka oili ndani ya injini kulingana na mzunguko na kiasi unachovuta mafuta. Mafundi wengi huing'oa na kumwambia mwenye pikipiki achanganye oili kwenye tanki, kwa hoja kwamba pampu ikifa injini hufa nayo.

Hoja hiyo ina uzito, lakini Muleba ni nchi ya miteremko. Ukishuka mteremko mrefu ukiwa umeachia mafuta, krenki huzunguka kwa kasi huku kabureta imefungwa. Injini inayochanganyiwa oili kwenye tanki haipati petroli, kwa hiyo haipati oili pia. Yenye pampu huendelea kupata oili kidogo. Kipo pia kisa cha kila siku: ndugu anaazima pikipiki, anapita kituoni na kujaza petroli tupu kama alivyozoea kwa Boxer yake ya stroku nne, na silinda inakwaruzika kabla hajafika Kagondo. Urejeshaji bora huku kwetu huiacha pampu, hubadilisha mipira yake, huitoa hewa na kuipima. Pampu ikiwa imeondolewa, kiwango cha mchanganyiko kiandikwe kwenye kifuniko cha tanki, na oili iwe ya stroku mbili yenye alama ya JASO FC au FD.

Mabadiliko yanayostahili sifa

Kubadilisha mashine ya zamani si dhambi. Kipimo changu ni kimoja: je, badiliko linaisaidia mashine kufanya kazi iliyoundiwa, mahali ilipo? Kuondoa pointi na kuweka moto wa kielektroniki ni badiliko jema. Cheche hutulia na marekebisho hupungua. Umeme wa volti 12 na taa inayomulika kweli ni jema kwa anayerudi usiku kutoka mwaloni. Keria iliyoimarishwa kwa mkungu wa ndizi ni jema, mradi imefungwa kwenye fremu na si kwenye madigadi.

Baya ni kuvua kasha linalofunika cheni ya AG100 ili ionekane ya mbio. Kasha hilo liliwekwa kwa ajili ya vumbi na matope, na moram yetu nyekundu hula cheni iliyo uchi upesi sana. Baya zaidi ni kuinua tundu la ekzosi kwenye silinda kwa kulichonga. Mashine itakimbia kwenye lami ya Bukoba, lakini itapoteza mvuto wa chini, na ukiwa na gunia la kahawa kwenye kilima utakanyaga gia ya kwanza mpaka kileleni.

Hukumu hutolewa mlimani

Usikubali kujaribu pikipiki ambayo injini yake imeshapashwa moto. Shika silinda, iwe baridi. Ikiwa nzima, kiki mbili tatu zitatosha kuiwasha. Moshi wa mwanzo ni halali, kisha upungue hadi uwe ukungu mwepesi. Panda kilima na mtu nyuma. Ivute kwa mlio mmoja safi, bila kukata na bila mlio wa vichuma. Ukifika juu, achia mafuta: mlio ushuke mara moja na kutulia. Shuka, simama, iwashe tena ikiwa ya moto. Inayowaka baridi lakini ikagoma moto ina koili au sili zinazokufa.

Mwisho, mpime fundi mwenyewe. Anayestahili pesa yako hukupa mfuko wenye vipuri vya zamani alivyovitoa, na karatasi yenye kipimo cha silinda, pistoni iliyowekwa na nafasi aliyoiacha. Atakuagiza usiivute kwa nguvu kilomita za mwanzo, na atakutaka uirudishe akaze upya nati za silinda. Fundi wa namna hiyo mlipe anachodai, hata kama jirani yake anaomba nusu. Elimu anayoitunza inazidi kuwa adimu kila mwaka, na malipo ya haki ndiyo yatakayomfanya kijana aliye pembeni yake aone kuna faida ya kuijifunza.