Nani Anayechagua? Uhakiki wa Michezo ya Uchaguzi katika Ufundishaji wa Jiografia na Utamaduni wa Eneo

Makala hii inahakiki michezo ya kompyuta ambayo hadithi yake hugawanyika kulingana na uamuzi wa mchezaji, ikiitazama kama nyenzo ya kufundishia jiografia na utamaduni wa eneo. Hoja inayojengwa ni kwamba haitoshi kuuliza iwapo mwanafunzi amepewa nafasi ya kuchagua. Sharti tuulize pia amewekwa katika nafsi ya nani anapochagua. Michezo miwili ya Marekani inatumika kama mifano.

Mchezo wa kwanza, The Oregon Trail, ulibuniwa mwaka 1971 na Don Rawitsch, aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha mjini Minneapolis, pamoja na wenzake Bill Heinemann na Paul Dillenberger. Katika toleo la 1985, mchezaji huongoza familia ya walowezi kutoka Independence, Missouri, mwaka 1848, kuelekea Bonde la Willamette. Ubora wa mchezo huu ni kuifanya jiografia iwe na gharama. Mto una kina na upana. Mchezaji huamua kuukanyaga, kuziba nyufa za gari na kulielesha, au kulipia kivuko. Akikosea, maksai huzama. Akichelewa kuondoka, baridi humkuta njiani. Ramani ya ukutani haiwezi kumfundisha mwanafunzi hayo kwa uzito uleule.

Hata hivyo, kwa upande wa utamaduni mchezo huu una pengo kubwa. Wenyeji wa nchi inayopitwa hawachagui lolote. Hujitokeza kama wasaidizi, mathalani mwongozaji wa kukodiwa katika Mto Snake, kisha hutoweka. Kwa kuwa maamuzi yote ni ya mlowezi, mwanafunzi hujifunza bila kuambiwa kwamba nchi ile ilikuwa njia tu, wala haikuwa makazi ya mtu.

When Rivers Were Trails, wa mwaka 2019, unaigeuza nafsi hiyo. Elizabeth LaPensée aliushughulikia kwa ushirikiano na Indian Land Tenure Foundation, na visa vyake viliandikwa na waandishi wengi wa jamii za wenyeji. Mchezaji ni Mwanishinaabe aliyeng'olewa kwao Minnesota katika miaka ya 1890, baada ya Sheria ya Dawes ya 1887 kuanza kuigawa ardhi ya pamoja kuwa vipande vya watu binafsi. Anaelekea California, na kila anakopita anakutana na watu wenye majina, ndugu na madai juu ya ardhi. Kwa maoni ya mhakiki, mchezo huu nao una upungufu: maana inapobebwa na maongezi, nguvu ya mto na mlima hupungua. Mwanafunzi hutoka akiwajua watu kuliko ardhi waliyoipigania.

Mafunzo haya yanatuhusu. Tuseme mwalimu anatunga mchezo wa njia ya misafara ya karne ya 19 kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Akifika Ugogo, nchi kame ambako misafara ilitozwa hongo, uchaguzi mwepesi kumwandikia mchezaji ni "lipa" au "pigana". Kwa hatua hiyo moja Wagogo watakuwa kizuizi tu, sawa na mto wa kuvukwa. Zaidi ya hayo, mwanafunzi wa leo, anayelijua neno hongo kwa maana ya rushwa, atawahukumu kabla hajawaelewa. Lakini akiwekwa katika nafsi ya mtemi mwenye visima vichache, watu wake na mifugo yao, huku msafara wa mamia ya wapagazi ukihitaji maji yaleyale, ataona kwamba ushuru ule ulikuwa na hesabu yake. Jiografia na utamaduni vitakuwa vimefundishwa kwa swali moja.

Hivyo basi, makala inapendekeza kwamba mtunzi wa mchezo wa aina hii aandike kila njia panda angalau mara mbili: kwa macho ya anayepita na kwa macho ya anayepitiwa. Asipofanya hivyo, atamfundisha mwanafunzi kusafiri katika nchi ya watu bila kuwaona wenyewe.