PS2, Xbox na GameCube: kilichoamua ushindani Ngara na Biharamulo

Ukisoma karatasi za kiwandani, PlayStation 2 haikustahili kushinda. Prosesa yake, ambayo Sony waliiita Emotion Engine, ilikwenda kwa megahezi 294.9. GameCube ya Nintendo ilikuwa na prosesa ya IBM ya megahezi 485, na Xbox ya Microsoft ilibeba ya Intel ya megahezi 733. Kwenye kumbukumbu, Sony waliweka megabaiti 32, Microsoft wakaweka 64. Lakini fika Kabanga mpakani, Rulenge, Benaco au Biharamulo mjini, umuulize kijana wa miaka thelathini alijifunzia wapi kucheza gemu. Atakutajia kibanda chenye TV ya chogo, benchi la mbao na PS2. Xbox ya kwanza wengi hawajawahi kuishika. GameCube hawaijui hata kwa sura.

Jibu la haraka ni wingi. PS2 ilitoka Japani Machi 2000, Sony wakaendelea kuitengeneza hadi mwanzoni mwa 2013, na zikauzwa zaidi ya milioni 150. Xbox ziliuzwa takribani milioni 24 na GameCube karibu milioni 22. Mzigo wa mtumba unaoingia Dar es Salaam hufuata hesabu hiyo hiyo. Jibu hilo ni la kweli, ila linaeleza mashine zilivyofika tu. Halielezi zilivyodumu. Chombo cha elektroniki kinachoshushwa Nyakanazi na kupanda hadi Ngara kinakutana na vumbi jekundu la kiangazi, umeme unaopanda na kushuka, na fundi mmoja ambaye asubuhi anatengeneza redio, mchana simu, jioni TV. Kwa mazingira hayo, nguvu ya prosesa haikuwa hoja kubwa. Kilichoamua ni sehemu za pembeni: diski, tundu la memori kadi, tundu la USB na waya wa umeme.

Tuanze ndani hata hivyo, maana kazi iliyofanywa na wahandisi wa kampuni hizi tatu inastahili heshima.

Sony waliamua kutegemea kasi ya kupaka rangi. Chipu yao ya picha ilikuwa na megabaiti 4 tu za kumbukumbu, lakini kumbukumbu hiyo ilitengenezwa ndani ya chipu yenyewe, na data ilipita humo kwa gigabaiti 48 kwa sekunde. Haikujua mahesabu magumu ya mwanga. Ilichojua ni kurudia: paka tabaka la kwanza, ongeza la pili, ongeza la tatu, haraka kiasi kwamba macho yanaona moshi, kivuli au mng'ao. Mahesabu ya maumbo yalifanywa na vitengo viwili vya pembeni ya prosesa, na mwandishi wa programu alilazimika kuvipangia zamu kwa mkono. Ndiyo maana gemu za mwaka 2000 zinaonekana chakavu ukizilinganisha na zile za 2005 kwenye mashine ile ile. Walihitaji miaka kuielewa.

Microsoft walichukua njia fupi: kompyuta ya kawaida ndani ya sanduku la gemu. Chipu ya picha kutoka Nvidia iliweza kuandikiwa programu ndogo za kuhesabu mwanga juu ya kila nukta ya picha, jambo ambalo PS2 haikuliweza. Ukuta uliolowa maji ulionekana umelowa maji. Ndani ya Xbox kulikuwa pia na hard disk ya gigabaiti 8, kitu ambacho kwa wakati ule kilikuwa cha kijasiri.

Kwa maoni yangu, mashine iliyofikiriwa vizuri kuliko zote ni GameCube. Nintendo hawakutafuta namba kubwa za kuandika kwenye boksi. Waliondoa foleni. Kumbukumbu yake kuu ya megabaiti 24 ilijibu haraka bila kuiacha prosesa ikisubiri, na chipu ya picha iliweza kusoma picha za nyuso na kuta zikiwa zimebanwa hadi moja ya sita ya ukubwa wake. Ilianza kuuzwa Marekani kwa dola 199 wakati wenzake waliingia sokoni huko kwa 299. Ushahidi mzuri ni gemu ya Resident Evil 4. Ilitoka kwanza kwenye GameCube Januari 2005, na ilipohamishiwa PS2 mwishoni mwa mwaka huo Capcom, walioitengeneza, walipunguza mwanga na majani, na baadhi ya matukio wakayageuza kuwa video iliyorekodiwa tayari. Sanduku dogo lenye mpini kama kikapu liliishinda mashine iliyotawala dunia.

Sasa ilete tofauti hiyo kwenye kibanda. Picha inapita kwenye waya wa AV, ile plagi ya njano, ambamo rangi na mwangaza husafiri pamoja na kuchafuana njiani. Inaishia kwenye TV ya chogo ya inchi 14 au 21, ambayo yenyewe hulainisha kingo za picha. Meno meno ya PS2 yanafutika, na ung'avu wa Xbox unafutika nao. Kinachochezwa ni mpira, kamera iko juu jukwaani, wachezaji 22 ni wadogo. Hapo mchezaji anataka picha isiyokwama na kitufe kinachojibu papo hapo, na katika hilo TV ya chogo haina mpinzani hata leo. Ubora wote wa chipu ya Nvidia ulikuwa unashindania kitu ambacho mtazamaji wa benchi la nyuma hawezi kukiona.

Pembeni ndiko mashine hizi zilikoachana kabisa.

Diski ya PS2 ni DVD ya kawaida ya sentimita 12, ile inayouzwa duka lolote la CD. Kilichoizuia mashine kusoma nakala ni alama ya uhalali ambayo kompyuta ya kawaida haiwezi kuichoma. Fundi alibandika chipu ndogo kwa nyaya chache za risasi, na mashine ikawa "imechipiwa". Baada ya hapo gemu ilipatikana kwa bei ya filamu. Waliotengeneza gemu hizo hawakupata senti kwa nakala hizo, na hilo ni deni la kweli. Lakini hapakuwa na duka lililouza nakala halali kati ya Ngara na Kahama.

GameCube ilitumia diski ya sentimita 8 yenye gigabaiti 1.46. Nintendo waliichagua makusudi ili kuzuia kunakili, wakafanikiwa, na kufanikiwa huko ndiko kulikoifungia njia. Diski tupu za ukubwa huo hazikuwepo sokoni kwetu. Mashine yenyewe haikuonyesha filamu za DVD, wakati PS2 ilizionyesha bila kuongezewa kitu. Kwa mwenye kibanda hilo ni hesabu ya biashara: mchana gemu, usiku filamu, mtaji mmoja. Xbox iliweza filamu, ila mpaka ununue rimoti na kipokezi chake.

Asije mtu akadhani kunakili peke yake kulitosha. Dreamcast ya Sega, iliyotoka Japani Novemba 1998, ilikuwa rahisi kunakili kuliko zote. Ilikuwa na uwezo wa kusoma CD za muziki zenye nyongeza za programu, na kufikia mwaka 2000 waharamia walishagundua kwamba kwa njia hiyo hiyo CD ya kawaida huwaka bila chipu yoyote. Mashine haikuguswa hata skrubu moja. Januari 2001 Sega walitangaza kuacha kuitengeneza, zikiwa zimeuzwa kama milioni 9, na huku kwetu haikuota mizizi. Nakala za bure haziisaidii mashine isiyo na vipuri wala gemu mpya za mpira.

Vipuri ndivyo vilivyoiua Xbox machoni pa fundi. Ile hard disk yake ya kijasiri ilifungwa kwa nywila inayotengenezwa kutokana na ufunguo wa mashine husika. Disk ikifa, huwezi kuchomoa nyingine kwenye kompyuta mbovu na kuipachika, kwa sababu mashine inaikataa. Lazima uwe umeutoa ufunguo ule mapema, mashine ikiwa bado nzima. Na hard disk ni sahani inayozunguka kwa kasi, ambayo umeme ukikatika ghafla mara nyingi huanza kuoza. PS2 haikuwa na kitu cha namna hiyo. Kilichokufa kila mara ni lenzi. Lenzi ni kipuri kinachoagizwa kwa basi, kinabadilishwa kwa bisibisi na uvumilivu, na fundi akiharibu moja anajifunzia hapo.

Umeme nao una hadithi yake. Kabla ya gridi ya taifa kufika, Ngara na Biharamulo ziliwashwa na majenereta ya dizeli ya TANESCO, na nje ya miji watu walitegemea jenereta dogo la petroli au sola. Maporomoko ya Rusumo, ambayo sasa yana mtambo wa megawati 80 unaogawanywa na Tanzania, Rwanda na Burundi, yalianza kuzalisha umeme mwaka 2023 tu. PS2 nyembamba za mwanzo, zilizoanza kuuzwa 2004, zilitolewa kiwandani zikiwa na adapta ya nje ya volti 8.5. Umeme ukiruka, mara nyingi inayoungua ni adapta, na mashine inabaki salama. Xbox ilikuwa na kibadilishaji chake ndani. Mwaka 2005 Microsoft walilazimika kubadilisha nyaya za umeme zaidi ya milioni 14 duniani kwa hofu ya moto.

Hapa ndipo ninapoisikitikia GameCube. Adapta yake ilitoa volti 12, kiwango cha betri ya gari na cha mfumo mdogo wa sola. Hakuna mashine ya kizazi kile iliyokaribia zaidi maisha ya Rulenge au Murusagamba bila umeme wa nguzo. Ingeweza kuchezwa kijijini bila inveta kubwa. Diski yake ndogo ikaizuia isifike.

Mpira ulimaliza kazi iliyobaki. FIFA ya mwisho kwa Xbox ya kwanza na GameCube ilikuwa FIFA 07. PS2 iliendelea kupokea mpira mpya kila mwaka hadi FIFA 14 na Pro Evolution Soccer 2014, zote za mwaka 2013, miaka 13 tangu mashine izaliwe. Kijana aliyetazama Ligi Kuu ya Uingereza Jumamosi alitaka kumchezesha mchezaji yule yule Jumapili. Na hata baada ya 2013 Konami, watengenezaji wa Pro Evolution Soccer, walikuwa wameacha njia: majina, jezi na vikosi vya gemu hiyo vinaweza kuhifadhiwa kwenye memori kadi kama faili la pekee, nje ya diski. Mwenye subira anaweza kumtengeneza Mbwana Samatta na kumvisha jezi ya Aston Villa, timu aliyojiunga nayo Januari 2020, kwenye gemu ya zamani ambayo watengenezaji wake hawakumjua. Wabrazili wamefanya hivyo kwa upana zaidi kwa Bomba Patch yao, wakibadilisha hadi sauti ya mtangazaji.

Memori kadi hiyo ya megabaiti 8 ndiyo iliyokuja kuiokoa mashine lenzi zilipoanza kuwa adimu. PS2 ikiwaka, huchungulia kwenye kadi kuona kama kuna toleo jipya la programu yake ya kuanzia. Sony waliliweka hilo kwa ajili ya masasisho yao wenyewe. Wapenzi wa mashine wakatumia nafasi hiyo kuweka programu ya Free McBoot, na kutoka hapo programu ya Open PS2 Loader inasoma gemu kwenye flashi kupitia tundu la USB la mbele. Tundu hilo lilikusudiwa kibodi na maikrofoni. Ni la kizazi cha kwanza, lenye kikomo cha megabiti 12 kwa sekunde, yaani megabaiti moja na nusu, wakati trei ya DVD hutoa zaidi ya 5. Ndiyo sababu video za utangulizi zinakatakata ukichezea flashi. Mpira hauathiriki sana: uwanja, wachezaji na jezi hupakiwa kwenye zile megabaiti 32 kabla ya filimbi, na mechi ikianza mashine haina mengi ya kuomba isipokuwa sauti ya mtangazaji. Gemu yenye mji mkubwa wa kuendeshea gari, kama GTA: San Andreas, husoma diski muda wote, na hapo flashi hulemewa.

Kwa anayetaka kununua PS2 leo ili aifufue kwa kadi, aigeuze na kusoma kibandiko cha chini. Namba za mfululizo wa SCPH-70000 hadi 79000 hazina tatizo. Ikiwa ni SCPH-90000, atafute herufi za tarehe ya kutengenezwa: kuanzia 8D, yaani mwishoni mwa 2008, Sony waliifunga njia ile ya kadi, na zenye 8C zinaweza kuwa upande wowote. Kwa hizo zilizofungwa, mwaka 2020 mtafiti anayejiita CTurt alitoa FreeDVDBoot, inayotumia kosa lililokuwa kwenye programu ya kuonyeshea filamu: unachoma DVD moja, unaiwasha kama filamu, mashine inafunguka. Ila hiyo inadai lenzi nzima. Kwa mwenye SCPH-90000 ya baadaye ambayo lenzi yake imekufa, njia hiyo haimsaidii mpaka fundi aibadilishe lenzi.