Sikio la mkata rufaa

Pale Msata, barabara ya Bagamoyo inapokutana na ile ya Chalinze kwenda Segera, wauza mahindi ya kuchoma humtambua abiria dirishani kabla hajalipa: huyu Mtanga, yule katokea Mombasa. Hukosea mara chache. Ila sikio linamwambia muuzaji mtu amekulia wapi, halimwambii ana uraia gani. Rufaa nyingi za Wabajuni huko Uingereza zimesimama juu ya tofauti hiyo, na namvulia kofia kila aliyejua kuieleza mbele ya jaji.

Wabajuni hao ni watu wa jamii za wavuvi wa Koyama, Chovai, Chula na visiwa vingine vya kusini mwa Somalia, wenye Kiswahili chao. Vita vya 1991 viliwakimbiza, wengi wakaishia kambi ya Jomvu, Mombasa. Mtoto wa kambini akacheza na wenzake wa Mombasa, akaongea kama wao. Ukubwani anaomba hifadhi Uingereza, anahojiwa kwa simu, sauti inarekodiwa, na kampuni ya Sweden iitwayo Sprakab inajibu: asili yake Kenya. Ombi linakataliwa.

Akikata rufaa, hapo ndipo fundi wa lugha anapoketi na rekodi. Derek Nurse, mwanaisimu aliyeichambua lahaja ya Kibajuni kwa miaka mingi, ni mmoja wa walioandika ripoti za kesi hizi. Kazi ni ya subira. Mhojiwa akisemeshwa Kiswahili sanifu hujibu kwa sanifu, kwa adabu tu, atasema “watu”. Akifika kwenye habari za bibi yake na mashua, linamtoka “wachu” la Kibajuni. Anayesikiliza dakika chache za mwanzo halisikii kabisa. Wakili hodari naye anauliza: aliyehoji alitumia Kiswahili cha wapi? Mchambuzi mwenyewe ni mzaliwa wa wapi, na Kibajuni alikisikia lini mara ya mwisho? Maswali madogo haya yana uzito zaidi kuliko hotuba yoyote ya huruma.

Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika shauri la MN na KY, ilieleza kwamba ripoti ya lugha ipimwe kwa hoja zake, na mchambuzi wa lugha asivuke mipaka ya utaalamu wake akaanza kuamua kama mwombaji anasema kweli.

Nawe mkalimani au mchambuzi wa Kiswahili unayeitiwa kazi hii, tafadhali: sikiliza rekodi yote hadi mwisho, na uandike kwenye ripoti yako mhojiwa alikuwa akisemeshwa Kiswahili gani.